Pikipiki Aliyoimaliza Baba

9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na paka wako yule mwizi bado yupo na bado anaiba. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu, na watoto wanamuulizia shangazi yao kila wakiona andazi. Plasta imetolewa juzi. Mguu umetoka mwembamba kama wa korongo, mwanangu mdogo kaucheka mpaka akakaa chini.

Dada, siku mlipomzika Baba mimi nilikuwa nimelala chali hospitalini, mguu umening'inizwa kama nyama buchani. Najua si kosa langu kuanguka kwenye ngazi ya stoo, lakini mtoto wa kiume kutomzika baba yake, hilo halitoki moyoni. Nisimulie ilivyokuwa. Watu walijaa? Wenzake wa kiwandani walikuja? Nani alisema neno kaburini?

Nina jambo la kukufurahisha. Unakumbuka nilikuambia kuhusu chama chetu cha wapenzi wa pikipiki za Kipanga. Wanachama ni watu wakubwa, mwenyekiti ni daktari wa meno, wapo mawakili, yupo mwenye maduka. Mimi mtunza stoo ningekaa nao meza moja wapi? Lakini mimi ndiye mtoto wa fundi aliyeunda Kipanga ya mwisho kutoka kiwandani, na pikipiki yenyewe ninayo. Nikiingia wananipisha kiti. Sasa wameamua kitabu kiandikwe, historia ya kiwanda tangu mwanzo, na kazi wamenipa mimi.

Wewe uliishi na Baba mpaka mwisho. Niandikie kila alichokusimulia, hata kidogo.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi mguu umepona, hata kama ni wa korongo. Mimi mzima. Paka kaiba samaki wa jirani na nimelipishwa aibu tu. Paa la jikoni linavuja palepale Baba alipokuwa akiweka kopo.

Utaniuliza kwa nini sikupigii simu. Kwenye simu wewe unaongea, mimi naitikia, na tukimaliza sijasema kitu. Afadhali kalamu, haikatizi.

Nakumbuka vitu vidogo tu. Alikuwa akinawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha anainusa, kisha anaanza upya. Kikombe cha chai alikishika kwa vidole viwili kana kwamba atakichafua. Pikipiki ikipita nje alisema, "Huyo valvu zake zinalia," bila kuinua kichwa kutoka kwenye sahani.

Kuhusu kiwanda alinisimulia hivi. Mzee Mwenye Kiwanda alikuwa mtengenezaji wa pampu za maji. Pikipiki ya kwanza aliiundia injini ya pampu, na breki yake ilikataa, kwa hiyo akitaka kusimama aliingia kwenye ua wa majirani. Ua ule ulivunjwa mara nyingi mpaka majirani wakauondoa. Baadaye akajenga kile kiwanda cha matofali unachokijua, chenye meza nane kwa mstari. Meza ya fremu, ya injini, ya magurudumu, ya tangi, ya rangi, na kadhalika, mpaka ya mwisho ambako Baba alikuwa akiunganisha yote na kuiwasha. Kila meza na mtu wake, na mtu hakugusa kazi ya mwenzake. Ukikuta nati imelegea kwenye kazi ya mwenzio, hukuikaza, ulimwita aje aikaze mwenyewe. Baba alisema ndiyo sababu Kipanga hazikuwa zikirudishwa.

Siku ya maziko mvua ilinyesha asubuhi, mchana ikakatika. Waliokuja walikuja.

Salimia wifi na watoto.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Shikamoo. Hapa wote wazima ila mtoto wa pili ana surua, anajikuna na kulaumu dunia nzima. Ile habari ya ua wa majirani niliwasomea chamani, daktari akacheka mpaka meno yake yote ya kubandika yakaonekana.

Pamoja na barua hii nakutumia mzigo. Ni ile picha ya Baba amesimama na Kipanga ya mwisho kiwandani, aliyonipa siku aliponikabidhi pikipiki. Nimeikuzisha na kuitilia fremu. Itundike sebuleni, mgeni akiingia aione kwanza.

Kitabu kinakwenda vizuri. Nimeandika kuhusu miaka ya neema, jeshi lilipoagiza Kipanga, kisha polisi, kisha posta, mpaka ile sauti nzito ya silinda moja ikawa sauti ya barua kufika. Nimeandika zilivyokuja pikipiki nyepesi za nje, za kuwaka kwa kubonyeza kitufe, na vijana wakakataa kupiga kiki. Nimeandika jinsi Mzee alivyokufa na Bwana Mdogo, mwanawe, akarithi kiwanda asichokijua. Kisha sura ya mwisho. Sikia nilivyoianza:

"Mafundi wakagoma. Meza zikawa kimya. Lakini mtu mmoja hakukubali kiwanda kife hivyo. Peke yake, kwa mikono yake miwili, alisimama katika meza zote nane na kuumba Kipanga ya mwisho."

Mwenyekiti alipofika hapo alivua miwani akaifuta.

Bora zaidi ni hili. Mwezi wa Agosti chama kizima kitakuja huko na pikipiki zao. Mimi nitakuwa mbele, juu ya Kipanga ya Baba. Tutapita barabara yote ya mtaani kwetu mpaka getini, halafu kaburini. Mzee Spoku wa meza ya magurudumu yu hai bado? Si mko ukuta mmoja? Nenda kamuulize anakumbuka nini.

Na hujaniambia ya maziko.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na unisamehe kuchelewa. Natumaini surua imekwisha. Mpake mtoto maji ya vuguvugu, asijikune usoni. Mimi nilikuwa na mafua, halafu nikawa na uvivu, halafu sijui nilikuwa na nini.

Picha imefika, kioo kizima. Nimeiweka mahali pasipo vumbi.

Mzee Spoku yu hai. Namsikia akikohoa kupitia ukutani. Kumuuliza sijamuuliza.

Habari ya Agosti naona ni kubwa sana. Barabara yetu imechimbwa mabomba, magari yenyewe yanazunguka nyuma. Nyumba ni ndogo, choo kimoja, daktari wa meno nitamweka wapi? Geti la kiwanda limeota kutu na ndani wanahifadhi saruji. Ungekuja wewe tu, na wifi, siku mbili tatu, tukamsafishia Baba kaburi.

Na ile sura ya mwisho, ningependa uipunguze kidogo. Si lazima kila kitu kiandikwe.

Nimepata shati lake moja la kazi nyuma ya kabati. Mama alilishonea mfuko wa ndani kwa ajili ya kalamu ya risasi, kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha. Baba alilivaa hivyo hivyo miaka yote.

Dada yako


19 Mei

Dada,

Shikamoo. Wote wazima.

Sitaficha, barua yako imenikera. Niipunguze sura ya mwisho kwa nini? Hiyo ndiyo sura yenyewe. Mtu kafanya kazi ya watu wanane, wewe unataka niandike ya mabomba na choo. Nimekuuliza ya maziko mara mbili na unanijibu mvua. Je, unanionea aibu? Kwa sababu mimi ni mtunza stoo na ninatembea na mawakili, unaona najipandisha?

Tena umechelewa. Mwenyekiti ameshawaandikia mafundi wote wazee waliobaki huko, kawaalika waje getini siku hiyo kama wageni wa heshima. Kila karatasi ina picha ya Baba juu.

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Sikuonei aibu wewe. Ningekuwa na ujasiri ningeandika haya Machi. Sasa karatasi zimefika mtaani. Ya Mzee Spoku niliiona kibarazani kwake, imekunjwa imewekwa chini ya mguu wa kiti ili kisiyumbe.

Ulikuwa mdogo, hujaanza hata shule. Bwana Mdogo alikuwa hajawalipa mafundi miezi mingi. Wakatoka wote, meza zote nane, na Baba pia, wakakaa nje ya geti. Walikubaliana hakuna anayeingia mpaka walipwe. Mimi nilikuwa nikipeleka chakula kwenye kikapu. Walikuwa wakicheza bao na kutaniana, na Mzee Spoku alikuwa na mdomo kuliko wote.

Asubuhi moja nimefika na kikapu, namkuta Baba amesimama, anapiga vumbi suruali.

Spoku akamuuliza, "Fundi, safari ya wapi?"

Baba akasema, "Kuna moja imebaki mezani. Haina hata magurudumu."

"Iache. Ndiyo maana sisi tuko huku."

"Siwezi kuiacha inaning'inia."

Spoku akacheka. Alidhani ni mzaha. Akasema, "Haya, ukimaliza utuletee tupande wote," na wengine wakacheka. Baba naye akatabasamu, kisha akaingia. Wakaendelea kucheka kidogo, halafu wakanyamaza mmoja mmoja. Mimi nikabaki na kikapu, sijui nimpe nani.

Hakuingia kwa ajili ya Bwana Mdogo. Hakuahidiwa kitu. Nimeishi naye maisha yangu yote na naamini hivyo. Aliingia kwa sababu ilikuwa haijaisha. Basi. Na kwa kuwa wenye meza walikuwa nje, aliunga mwenyewe gurudumu, akapaka mwenyewe tangi, akachora mwenyewe ule mstari wa dhahabu. Kazi za watu.

Alipoiwasha, sauti ilitoka mpaka getini. Siku ya pili Bwana Mdogo akaja na mpiga picha. Ile picha uliyoikuzisha ndiyo ile. Ilitoka gazetini, na chini yake paliandikwa kwamba kazi kiwandani inaendelea. Mafundi walipokwenda kudai, wakaonyeshwa gazeti. Wakaambiwa kiwanda kinafanya kazi, ninyi ndio mmeacha kwa hiari yenu, hamna madai. Baada ya hapo Bwana Mdogo akafunga milango, akahama. Hakuna aliyepata kitu. Brashi, yule mchoraji wa meza ya rangi, aliuza vitu vyake vyote vya nyumbani, na hakuinuka tena mpaka akafa. Baba akapewa ile pikipiki.

Unakumbuka nyumbani kwetu hapakuwa na wageni, na wewe ukadhani Baba anapenda utulivu. Unakumbuka ulipelekwa kusoma kwa mama mdogo kwa sababu shule ya huko ni nzuri. Shule ilikuwa kama nyingine zote. Watoto wa hapa walikuwa wakikupiga.

Na pikipiki hakuipanda hata siku moja. Siku alipokupa alikuambia uende nayo mbali, ukaona ni baraka. Alitaka itoke uani.

Sasa nakujibu ya maziko. Jeneza lilikuwa na vishikio sita na wanaume hawakutimia. Wachimba kaburi walishika, na kishikio kimoja nilishika mimi. Nilipita nalo mbele ya milango yote ile. Ilikuwa imefungwa, na nilijua watu wamo, kwa sababu redio zilikuwa zimezimwa. Hakuna aliyesema neno kaburini. Mimi nilitaka kusema, nikaona haya.

Picha yako iko nyuma ya kabati, imegeukia ukuta.

Dada yako


14 Agosti

Dada,

Shikamoo. Watoto wazima. Wifi yako anakusalimu na ananisukuma niandike, ananiambia kimya changu kimejaa nyumba mpaka hapati pa kupita.

Nilipoisoma barua yako kwanza nilikukasirikia wewe. Nilisema mwanamke huyu ana wivu. Halafu niliisoma tena, nikakumbuka kijana mmoja aliyenishika kichwa akakilaza kwenye matope, akaniambia, "Mwite baba yako aje akutoe peke yake." Miaka yote sikuelewa kwa nini alisema peke yake.

Safari ya Agosti imevunjika. Lakini usinisifu. Chamani niliwaambia dada yangu ni mgonjwa sana, wakasikitika, wakachanga wakanunua kadi na kuitia saini wote. Ninayo mfukoni. Ukweli ulikuja mpaka kwenye meno ukarudi. Nilitazama kile kiti wanachonipisha, Dada, nikaona nikisema nitasimama. Basi nimekaa. Na kitabu kimechapishwa, na sura ya mwisho kama ilivyokuwa.

Pikipiki siwezi kuitazama. Zamani nilikuwa naifuta kila Jumapili, sasa nimeitupia shuka. Dereva wa lori la stoo anapita huko, nimempa aje nayo. Iuze, itupe, wape mafundi waigawane vipande, lolote. Mwenyewe siji. Sina uso wa kupita mtaa ule.

Mdogo wako


2 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi si mgonjwa, ila kadi yako ingenifaa juzi.

Lori lilifika mchana. Nilidhani dereva ataisukuma taratibu mpaka uani. Yeye akaishusha katikati ya barabara, akapiga kiki, akaiwasha. Nilimpungia mkono azime, akadhani nafurahi, akaongeza moto. Mtaa huu haujasikia sauti ile miaka mingi. Milango ikafunguka. Niliiingiza uani kwa mikono yangu, nikafunga geti, nikakaa jikoni chini.

Nikasikia hodi. Miaka yote hii, hodi ya jirani. Ni Mzee Spoku, na ndala zake, na kikohozi chake. Nyuma yake mjane wa Brashi na wazee wengine wawili wa kiwandani. Nikasema karibuni, chai ipo. Hapakuwa na chai.

Wakasimama uani kuizunguka pikipiki. Mmoja akaitazama, akatema mate pembeni, akaondoka bila kuaga. Mzee Spoku akachuchumaa, akainua nyuma kidogo, akazungusha gurudumu kwa kidole.

"Linacheza," akasema.

Mjane wa Brashi akapitisha mkono kwenye tangi. "Na huu mstari umelewa. Mume wangu angeufuta."

"Alijua," akasema Spoku. "Fundi yule hakuwa kipofu. Aliposimama kwenye picha alikuwa anajua gurudumu linacheza. Ndiyo maana uso wake uko vile." Akakohoa. "Mimi nilikuwa hatua chache tu nje ya geti. Angeniita."

"Ungekuja?" mjane akamuuliza.

"Nisingekuja. Lakini angeniita."

Nikasema, "Nisameheni."

Spoku akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. "Wewe nikusamehe nini? Wewe ulikuwa na kikapu." Kisha akaniuliza, "Huyu mdogo wako, aliyetuletea ile karatasi ya picha, yuko wapi?"

"Anaona aibu, Mzee."

"Akiona aibu anatuma lori?"

Nikafuta vumbi kwenye kiti cha pikipiki.

"Mwambie chuma tumekiona," akasema. "Sasa aje mwenyewe."

Wakaondoka. Sikuahidiwa kitu, na mimi sikuahidi kitu. Sijui kama watakufungulia. Yule aliyetema mate nadhani hatakufungulia. Lakini nimekaa na aibu hii peke yangu tangu nikiwa msichana, na ni nzito kama lile jeneza, upande mmoja hauna mtu. Sikuandikii ili nikuumize. Nakuandikia kwa kuwa kishikio kipo.

Njoo kwa basi. Usije na wifi, usije na daktari, usije na kitabu.

Dada yako


15 Septemba

Dada,

Shikamoo.

Jana nilikwenda chamani na barua yako ya Mei. Niliwasomea yote nimesimama. Nilipomaliza, mwenyekiti akasema hayo ni mambo ya zamani, na kitabu kimeshatoka, tusichafue. Wengine walitazama meza. Mwenye maduka peke yake aliniuliza kama ni kweli wewe ulibeba jeneza. Nikasema ni kweli. Kadi yao nimewarudishia. Sitakwenda tena huko.

Nakuja Jumamosi. Basi linafika mchana, na nimelichagua kwa sababu hiyo, watu wawe vibarazani. Usije stendi kunipokea. Nitapitia kwa Mzee Spoku kwanza, halafu kwa mjane wa Brashi, halafu kwa yule aliyetema mate, ndipo nije kwako. Nikichelewa usitoke kunitafuta, ujue nimekaa mlangoni kwa mtu.

Wifi yako ananiuliza nitawaambia nini. Sijui, Dada. Nimeandika maneno nikayachana. Ninachojua ni kwamba nitabisha hodi, na mtu atauliza nani, na mimi nitasema ni mtoto wa nani.

Mdogo wako